Fyuzi Katika Mfuko wa Shati

Niliporudi Kalemie safari hii nilikuta nyumba ya kaka yangu haina umeme, na aliyeukata ni yeye mwenyewe.

Kwetu nyumba kukosa umeme ni jambo la kawaida. Mitambo ya umeme ya Bendera ikipata shida, mji mzima unawasha mishumaa na hakuna anayeuliza. Lakini jioni ile majirani wote walikuwa na taa, redio zao zinaimba. Nyumba moja tu ilikuwa kimya, nayo ni ya mtu aliyepanda nguzo za umeme tangu ujana, aliyewavutia waya nusu ya watu wa mtaa, ambaye hajawahi kukubali taa ya kwake ikae imekufa mpaka asubuhi. Nilisimama uani na mfuko wangu begani, mwili bado unayumba kwa ile boti iliyonitoa Moba, nikadhani kuna msiba.

"Hakuna aliyekufa," shemeji yangu aliniambia kabla sijafungua mdomo. Alikuwa anageuza ndagala kwenye kikaango, taa ya mafuta imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Ni kaka yako na binti yake. Kaka yako njo alitoa fyuzi ukutani. Juma zima sasa tunakula kwa kupapasa."

"Binti amemkosea nini?"

"Umuulize mwenyewe. Mimi niliishia shule ya primere, mambo ya elektroni siyajui."

Mimi ni mtu wa kwenda na kurudi. Nilimaliza sekondari hapa hapa, na tangu pale sijakaa mahali hadi pakanizoea: Manono, Moba, Kigoma, tena Manono. Nikiwa mbali naiota Kalemie, harufu yake ya samaki na makaa, mlio wa treni ukigonga kilima. Nikiwa Kalemie natazama barabara. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihofia katika safari zote hizo, nacho ni kwamba nitarudi nikute nyumba ya kaka yangu imezimwa kwa hasira.

Binti huyo ni mtoto wake wa kwanza. Anasoma fizikia chuo kikuu, Lubumbashi. Alikuwa amekuja kusalimia, na sasa treni ilikuwa imefika stesheni, inapakiwa. Treni yetu haina siku ya kuondoka, ina habari tu: leo watu wanasema kesho, kesho wanasema keshokutwa, halafu inapiga honi na asiyekuwepo amebaki. Kwa hiyo mfuko wake ulikuwa umefungwa tayari, uko mlangoni. Kilichokosekana ni maji.

Kwetu mtoto haondoki safari ndefu kabla baba yake hajatia maji mdomoni na kumpulizia kwenye viganja. Wa kanisa wanafanya, wasio wa kanisa wanafanya. Kaka yangu alikuwa amesema maji hayo hayatatoka mdomoni mwake mpaka binti aache somo lile. Binti naye alikuwa amesema bila maji hapandi treni. Shoga zake walimcheka, eti msichana wa sayansi anangoja mate ya babake. Aliwajibu kwamba sayansi haijamkataza kuwa na baba.

Asubuhi nilimkuta binti kwenye saluni ya jirani, amechomeka kompyuta yake, amekaa kati ya wanawake wanaosukwa.

"Papa mudogo, umerudi," alisema, akanipisha kwenye benchi.

"Mwambie alipe kwa kufagia," msusi alisema bila kugeuza kichwa. "Hiyo mashine yake inakula umeme kuliko kofia yangu ya kukausha nywele."

Nilimuuliza ni somo gani linalozimisha nyumba. Akafikiri kidogo, akachukua kitana kutoka mapajani mwa msusi, akakilaza kwenye kiganja.

"Shuleni ulifundishwa kuna vitu vinavyopitisha umeme na vitu vinavyoukataa. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Shaba na plastiki."

"Sasa kuna aina ya tatu. Chukua kipande chembamba sana cha kitu fulani. Ndani yake umeme haupiti. Kinakataa kabisa. Lakini kwenye ukingo wake, hapa pembeni, unapita. Unazunguka pembeni tu."

"Wamekipaka kitu pembeni."

"Hawakupaka."

"Basi pembeni wameweka waya."

"Hakuna waya, Papa mudogo. Kikate katikati." Alipitisha kidole kwenye kitana. "Pale ulipokata palikuwa ndani, palikuwa panakataa. Sasa pamekuwa ukingo, na panapitisha."

Nilitazama kitana kile kama mtu aliyeonyeshwa kwamba ukuta wa nyumba yake una mlango ambao hakuujua. Miaka yote niliyokaa darasani niliamini kitu ni hiki au kile. Kumbe kuna kitu ambacho kukataa kwake kwa ndani ndiko kunakokilazimisha kukubali pembeni, na hata ukikivunja kinakuja na ukingo mwingine. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipiga kiasi kile.

"Ni kama mume wangu," msusi alisema. "Ndani ya nyumba hatoi neno. Kibarazani na wenzake, anamwaga."

Wanawake walicheka, na yule aliyekuwa anasukwa akavutwa nywele, akalalamika.

"Na baba yako ulimwambia hivi?" niliuliza.

"Hivi hivi. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza, umeme unatambaa juu ya ngozi ya kitu kinachoukataa? Nikasema ndiyo, Papa. Akaniuliza, na uchafu je? Nikasema uchafu njo kazi yangu yenyewe, mimi nasoma uchafu, nini kinatokea uchafu ukikaa pale pembeni. Akasimama. Hakumaliza chakula. Nikasikia anapanda kwenye kiti, anatoa fyuzi." Alirudisha kitana. "Mpaka leo sijui nilitukana nini."

Nilimkuta kaka yangu nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, beseni la maji ya majivu mbele yake. Alikuwa anaosha vikombe vya kaure, vile vyeupe vinavyoshika waya juu ya nguzo. Anavyo vichache vya zamani, vimevunjika midomo, havishiki waya wowote tena. Kila kiangazi huvitoa na kuviosha. Sisi tulikuwa tunamcheka kwamba anaosha vyombo visivyoliwa chakula.

"Yaya," nilimwita, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. "Mutoto atakosa treni."

"Na akose."

"Kwa kosa gani?"

Alisugua kikombe, akakiinua kwenye jua. "Unajua hiki kinafanya kazi gani?"

"Kinazuia umeme usiingie kwenye nguzo."

"Kikiwa safi." Akakiweka chini. "Rafiki yangu yule wa kwenye laini, uliambiwa alikufaje?"

Nilimkumbuka. Mtu mrefu, mcheshi, aliyefanya kazi pamoja na kaka kwenye laini ya umeme ya kampuni ndogo ambayo haipo tena. Nilikuwa Manono alipofariki. "Alianguka kutoka kwenye nguzo," nilisema. "Ndivyo nilivyoambiwa."

"Hakuanguka. Hakupanda hata." Alizungumza akitazama beseni. "Kulikuwa na watu wanachoma chokaa kandokando ya barabara ile. Kiangazi kizima vumbi la chokaa linapanda, linakaa kwenye vikombe, hulioni. Halafu asubuhi moja ukaja umande. Chokaa ikalowa. Umeme ukashuka juu ya ngozi ya kikombe, taratibu, ukaingia kwenye mti wa nguzo. Ndani ya kikombe hakuna kitu, ni kaure tupu, inakataa. Pembeni ndiko ulikopita. Tulikuwa tunapita tu chini ya laini, tunaenda kazini. Yeye kokoto liliingia kwenye kiatu. Akaegemea nguzo ili alitoe."

Miaka yote hii nilikuwa na picha ya mtu anayeanguka kutoka juu, nimeizoea, nimewasimulia hata watu wa Kigoma. Sasa nilipewa picha ya mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi.

"Nikaenda nyumbani kwao na kile kiatu," kaka alisema. "Sasa mutoto wangu ananiambia, mbele ya chakula, kwamba chuo kinamfundisha umeme wa pembeni, na kazi yake yeye ni uchafu. Anafurahi, anacheka. Nimpulizie maji aende kuegemea?"

Alipoinama kuchukua kikombe kingine ndipo nilipouona mfuko wa shati lake. Ulikuwa umevutwa chini upande mmoja, kitambaa kimeanza kuchanika kwenye mshono. Ndani kulikuwa na fyuzi za nyumba, zile nene za kaure.

Nilikaa chini, kwenye udongo.

Mtu asiyekulia na mafundi wa laini hataelewa, kwa hiyo nieleze. Katika kazi yao, ukikata umeme ili mwenzako apande, fyuzi haiachwi kwenye kisanduku, haiwekwi chini, haipewi mtu akushikie. Inakaa mfukoni mwako. Hata mkubwa wa kazi akija kwa kelele, hutoi. Inatoka wakati mmoja tu, mguu wa mwenzako ukishakanyaga ardhi. Nilipokuwa mdogo nilimwona kaka akila, akisali, akinyesha nyuma ya kichaka, mkono mmoja umefunika mfuko, kwa sababu kulikuwa na mtu juu.

Sisi sote nyumbani tulidhani anaadhibu. Shemeji alidhani hivyo, binti alidhani hivyo, mtaa mzima ulidhani hivyo.

"Yaya, ulikuwa unalala na hizo?"

"Nitaziweka wapi? Mutoto yuko juu ya nguzo, hajui kama yuko juu ya nguzo."

Nilikwenda kumwita binti. Nilimwambia aje bila kompyuta. Njiani nilimsimulia habari ya kiatu, naye akasimama katikati ya barabara, pikipiki zikampigia honi. "Alidhani nasoma vikombe vichafu," alisema. Akasema tena, polepole, kana kwamba anajisomea. "Papa alidhani nasoma vikombe vichafu."

Kumwambia kaka yangu kwamba si kitu kile kile hakukutosha. Binti alieleza, akaeleza tena, kwamba kwenye kikombe ni uchafu unaoupitisha umeme, na kwenye kitu chake uchafu hauna kazi hiyo. Umeme wa pale unapita hata kikiwa safi kabisa, na uchafu wa kawaida hauwezi hata kuurudisha nyuma. Kaka alitikisa kichwa. Umeme wowote anaoujua yeye, ukikutana na kitu, unagongana nacho, unapungua, unageuka.

"Kwa nini usirudi?" aliuliza. "Nani anaukataza?"

"Kila elektroni ina namna yake ya kujizungusha, Papa. Kwenye ukingo ule, zinazokwenda huku zinajizungusha hivi, zinazokuja zinajizungusha kinyume. Ili irudi, lazima ibadilishe mzunguko wake, na uchafu wa kawaida hauwezi kuibadilisha."

Kaka alinitazama kama kusema, umesikia hayo?

Mimi nilikuwa natazama baiskeli yetu ya zamani, imeegemea ukuta wa jiko, haina tairi. Ile kampuni ya laini ilipokufa, kaka hakuwa na nguzo ya kupanda, tukaingia barabara ya Manono pamoja, tunasukuma magunia. Nakiri kwamba nazikumbuka siku zile kwa hamu kuliko zinavyostahili.

"Yaya, unakumbuka ule ukingo?"

"Ukingo gani?"

"Ule wa tope."

Kuna kipande cha barabara ile ambacho wakati wa mvua hakina katikati. Malori yamekichimba mpaka katikati ni bwawa. Gurudumu likiingia halitoki. Kinachobaki kigumu ni mdomo wa barabara, mwembamba, kati ya tope na majani. Baiskeli yenye magunia haipandwi. Unafunga fimbo ndefu kwenye usukani, upande mmoja, unaishika na kusukuma, gurudumu kwenye mdomo mgumu, wewe kwenye majani. Ukielekea Manono kwa ukingo ule, majani yako kushoto, basi na fimbo umeifunga kushoto. Ukirudi Kalemie kwa ukingo ule ule, majani yako kulia, na fimbo iko kulia. Mtu akiwa mbali huhitaji kumwona uso. Unatazama fimbo iko mkono gani, unajua anakoelekea.

Niliyasema haya kwa kuonyesha, nimeshika usukani wa baiskeli isiyo na tairi, natembea kando ya mfereji wa uani. Shemeji alitoka jikoni, akashika kiuno.

"Jiwe likiwa njiani?" nilimuuliza kaka.

"Unalizunguka."

"Mti ukianguka?"

"Unashuka kwenye majani, unapanda mbele."

"Hakuna kilichokurudisha?"

Mikono ya kaka yenye majivu ilikuwa imesimama ndani ya beseni. "Huwezi kurudi," alisema. "Kurudi ni lazima ushushe mzigo, ufungue fimbo, uifunge upande wa pili. Jiwe halikufungulii fimbo."

"Njo hivyo, Papa," binti alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Njo hivyo hasa. Na nani anafungua fimbo?"

"Bariyeri." Alijibu mara moja, kwa uchungu wa zamani. "Askari wa bariyeri. Anakushusha kila kitu, anapekua, anakuambia rudi ulikotoka."

"Uchafu wenye usumaku njo bariyeri. Huo peke yake unaweza kuigeuza elektroni. Kazi yangu ni kuhesabu hiyo: bariyeri moja ikisimamishwa kwenye ukingo, kiasi gani kinarudishwa." Alichuchumaa mbele ya beseni. "Na kuna jambo lingine. Ukitia baridi kali, kali kuliko baridi yoyote unayoijua, elektroni za jirani zinakuja kuizunguka ile bariyeri. Zinaizunguka, zinaifunika. Mwisho ni kama haipo, na nyingine zinapita."

Kaka aliinua uso kunitazama, na mimi nilikuwa tayari namtazama.

Kule juu kwenye barabara ya Manono, penye ukungu, palikuwa na bariyeri ya askari mmoja peke yake na mti mmoja uliolazwa njiani. Mchana alitushusha sote. Lakini asubuhi za baridi wasukumaji walikuwa wanafika mmoja mmoja kwenye moto wake, wanakaa, wanachoma mihogo, mpaka yeye yuko katikati, mama mmoja amemtupia kitenge mabegani, hana hata pa kunyooshea mguu. Mti ulikuwa unabaki umeinuliwa. Waliokuja nyuma walipita bila kufungua kamba.

"Ulimsimulia habari ya yule askari?" kaka aliniuliza.

"Kamwe."

"Nani aliyenisimulia nini?" binti aliuliza.

Kaka alijifuta mikono kwenye suruali. "Huo umeme wenyewe ni kiasi gani?"

"Mdogo, Papa. Haufiki kumshtua mbu."

"Na wewe kitu hicho unakishika kwa glavu gani?"

"Sijakishika. Hata kukiona sijakiona. Kwetu hakuna mashine za kukitengeneza. Mimi nakihesabu tu, kwa kompyuta."

Sijawahi kumwona kaka yangu amepigwa na neno kama siku ile. Alimtazama binti, akatazama vikombe vyake vilivyopangwa juani, akatazama ukuta ule wenye kisanduku cha umeme.

"Juma zima," shemeji alisema kutoka mlangoni, "nimepika gizani kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona."

Hakuna aliyethubutu kucheka kabla ya kaka. Alianza kwa kukohoa.

Treni ilipiga honi siku iliyofuata, jua likiwa limeshapanda. Kaka alikuja stesheni na chupa ya maji. Kwenye jukwaa, kati ya magunia ya mahindi na watu wanaosukumana, alijaza mdomo, akamshika binti viganja, akapuliza. Yalimlowesha hadi viwiko. Akamwambia maneno machache ambayo sikuyasikia vizuri, ila ya mwisho: "Siku watakapokupa ukishike, uliza kwanza nani amekata umeme, na uone mfuko wake."

Tuliporudi, alipanda kwenye kiti akarudisha fyuzi. Sebule ikawaka, jiko likawaka, redio ikaanza katikati ya wimbo. Chumba cha nyuma, cha binti, kilibaki giza. Nilidhani amesahau. Nilipokinyooshea kidole alifunika mfuko wa shati kwa kiganja.

"Bado yuko juu," alisema.

Nimekwenda Moba na kurudi tangu pale, nimekwenda Kigoma pia. Jana nilipofika alikuwa amevaa shati lile lile. Mfuko umeshonwa upya kwa uzi mweusi, mshono juu ya mshono, na bado unaning'inia upande mmoja.